Petersburg 1864–65: damu ya miezi ile 9 aibebe nani, Grant au Richmond?

Mtoa mada:

Wakuu habari za jioni. Kuna hii mada imekuwa ikinisumbua muda, naomba tuijadili kwa hoja sio kwa kurushiana maneno. Kila ikitajwa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ile ya 1861 mpaka 1865 kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, wengi tunaimba wimbo ule ule: Grant wa Kaskazini alikuwa mchinjaji, roho za askari wake hazikumuuma, na Lee wa Kusini alikuwa muungwana, mpiganaji wa akili aliyezidiwa tu idadi ya watu. Na ushahidi unaoletwa ni Petersburg, pale Virginia, ambako majeshi mawili yalikaa kwenye mahandaki yakitazamana kuanzia katikati ya Juni 1864 mpaka usiku wa tarehe 2 Aprili 1865. Miezi 9 na ushee. Makadirio yanayotajwa sana ni askari 42,000 wa Kaskazini na 28,000 wa Kusini waliouawa, waliojeruhiwa au kutekwa. Watu 70,000, na mji wenyewe ulikuwa na wakazi kama 18,000 tu kabla ya vita.

Msimamo wangu nausema mapema asije mtu akaniambia nazunguka. Kuzingira ndo ilikuwa njia yenye nafuu kuliko zote alizokuwa nazo Grant, na damu iliyomwagika pale, hasa baada ya Novemba 1864, iko mikononi mwa rais wa Kusini Jefferson Davis na serikali yake ya Richmond, na mikononi mwa Lee pia. Walijua wameshindwa. Wakaendelea.

Kwanza kwanini Petersburg. Mji uko kama km 37 kusini ya Richmond, na Richmond ndo makao makuu ya Kusini. Reli 5 zilikuwa zinakutana Petersburg, chakula na risasi za jeshi la Lee sehemu kubwa vilipitia hapo. Ukiishika Petersburg, Richmond haina wiki mbili. Hilo Grant alilijua na Lee alilijua.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mei na mwanzo wa Juni 1864 Grant alimfuata Lee toka Wilderness, Spotsylvania mpaka Cold Harbor, akapoteza watu kama 55,000 kwa wiki 6 hivi, na jina la mchinjaji lilitoka huko. Cold Harbor mimi siitetei, yeye mwenyewe kwenye kumbukumbu zake aliandika kwamba anajutia lile shambulio la mwisho. Lakini angalieni alichofanya baada ya hapo, mchinjaji angerudia ukuta ule ule, yeye akaondoa jeshi usiku kimya kimya, wahandisi wakatandika daraja la maboya juu ya mto James lenye urefu wa zaidi ya mita 600, jeshi likavuka, na Lee kwa siku kadhaa hakuwa na uhakika adui yake kaelekea wapi. Tarehe 15 Juni ngome za Petersburg zilikuwa na walinzi kama 2,200 tu chini ya Jenerali Beauregard wa Kusini. Askari weusi wa Kaskazini walizivamia ngome zile jioni wakateka mizinga, mji ulikuwa wazi, halafu Jenerali Smith wa Kaskazini akasita. Akasita usiku mzima jamani! Kesho yake nafasi imeshapotea. Mashambulizi yakaendelea mpaka tarehe 18, na siku hiyo kikosi kimoja cha jimbo la Maine kikatumwa uwanja mtupu, watu zaidi ya 600 kati ya kama 850 wakaanguka ndani ya dakika chache.

Hapo ndo Grant alipobadilisha mbinu, na hapa naomba wanaomwita mchinjaji wasome taratibu. Alisema inatosha kugonga ukuta, tuchimbe na tukate reli. Wajuzi wa mambo ya vita watasema haikuwa kuzingirwa kamili maana upande wa magharibi ulibaki wazi mpaka mwisho, na ni kweli kabisa, mpango ulikuwa kufunga njia moja baada ya nyingine. Agosti 18 mpaka 21 wakaikalia reli ya Weldon, ikabidi mizigo ya Kusini ishushwe Stony Creek huko chini halafu ipakiwe kwenye magari ya farasi na punda kuzunguka njia za vumbi. Kila Grant akinyoosha mkono kwenda magharibi Lee naye analazimika kunyoosha mstari wake, mpaka mahandaki yakapita km 50 na watu hawatoshi kuyajaza.

Na tofauti ya maisha ilionekana kwa macho. City Point, bandari ndogo ya Kaskazini pale mtoni, ilikuwa na gati, ghala, reli ya jeshi inayopita nyuma ya mahandaki kabisa, tanuri za mikate zinazotoa mkate kwa maelfu kila siku, na hospitali yenye uwezo wa kulaza wagonjwa kama 10,000. Ng'ambo ya mahandaki askari wa Lee anapewa unga wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe. Tarehe 8 Februari 1865 Lee mwenyewe alimwandikia waziri wake wa vita kwamba baadhi ya askari waliotoka kupigana Hatcher's Run, kijito karibu na Petersburg, kwenye baridi kali, walikuwa siku 3 hawajaonja nyama. Usiku watu wakawa wanaruka mahandaki kwenda kujisalimisha, wengine wanarudi makwao maana wake zao wanaandika barua kwamba watoto wana njaa.

Hoja yangu kubwa ni kwamba Lee hakuwa haoni. Kabla hata ya Petersburg kuanza, inasimuliwa kwamba Lee alimwambia Jenerali Early, mmoja wa majenerali wake, lazima tuliangamize jeshi la Grant kabla halijafika mto James, likifika huko itakuwa kuzingirwa, na ikiwa kuzingirwa basi ni suala la muda tu. Suala la muda tu! Tumaini pekee lililobaki ni Lincoln, rais wa Kaskazini, ashindwe uchaguzi. Atlanta ikaanguka Septemba 2, Lincoln akashinda Novemba 8 kwa kishindo, Savannah ikachukuliwa Desemba, Fort Fisher iliyolinda bandari yao ya mwisho ya maana pwani ya mashariki ikaanguka Januari 15. Hebu niambieni, baada ya hapo kijana wa miaka 19 aliyesimama kwenye matope ya Petersburg alikuwa anafia nini?

Tarehe 3 Februari 1865 wajumbe watatu wa Kusini wakakutana na Lincoln na Seward, waziri wake wa mambo ya nje, kwenye meli, Hampton Roads. Walipokuwa wanavuka mstari wa mahandaki pale Petersburg askari wa pande zote mbili walishangilia, wote walikuwa wamechoka. Lincoln akasema masharti ni nchi kurudi moja, kuhusu utumwa harudi nyuma, na vita haisimami nusu nusu. Davis alitaka nchi yake mwenyewe, mazungumzo yakafa siku ile ile. Kuanzia tarehe hiyo kila aliyekufa Petersburg kafa kwa uamuzi wa Richmond.

Karibuni.

Mchangiaji kutoka Arusha:

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka sehemu inayokuumiza. Mbona hujataja lile shimo la Julai 30? Grant huyo huyo aliruhusu watu washushwe kwenye shimo wakauawa kama kuku. Hapo napo Richmond ndo wamesababisha?

Mtoa mada:

Sijaruka mkuu, nilijua lazima litakuja na linahitaji nafasi yake.

Kwa wasiolijua: kulikuwa na kikosi cha Pennsylvania chenye wachimba makaa ya mawe wengi, kamanda wao Pleasants naye alikuwa mhandisi. Wakachimba njia chini ya ardhi yenye urefu wa mita 156 hivi mpaka chini ya ngome ya Kusini. Wakubwa waliwapuuza, hata vifaa vya kupimia na mbao walijitafutia. Hewa waliivuta kwa ujanja wao wenyewe, waliwasha moto chini ya bomba la kutolea hewa karibu na mlango, hewa ya moto inapanda, hewa safi inaingia kwa bomba la mbao mpaka mwisho wa shimo. Wakajaza baruti ratili 8,000. Alfajiri ya Julai 30 utambi ukazimika njiani, watu wawili wakajitolea kuingia kuuwasha upya, na saa 10 na dakika 44 ardhi ikapasuka. Likabaki shimo la urefu wa kama mita 50 na kina cha mita 9.

Sasa huu ndo uchungu. Burnside, jenerali wa Kaskazini aliyepewa shambulio lile, alikuwa ameiandaa divisheni ya askari weusi wa Ferrero kwa ajili ya kutangulia, wamefanya mazoezi ya kulizunguka shimo badala ya kuingia ndani. Siku moja kabla, Meade, mkubwa wake aliyekuwa chini ya Grant, akakataa wasitangulie, Grant akaunga mkono. Baadaye Grant aliieleza kamati ya bunge kwamba anaamini mpango wa Burnside ungefaulu, ila waliogopa wakishindwa watu watasema weusi wametangulizwa wafe kwa sababu hakuna anayewajali. Basi makamanda wengine wakachaguana kwa bahati nasibu, ikamwangukia Jenerali Ledlie, mtu aliyebaki nyuma kwenye handaki anakunywa pombe wakati watu wake, ambao hakuwapa maelekezo yoyote ya maana, wanashuka ndani ya shimo badala ya kulizunguka. Halafu wale weusi wakatumwa mwishoni, kwenye shimo lililojaa, Kusini wameshajipanga.

Grant ana lawama hapo na mimi nampa. Kaskazini ilipoteza watu karibu 3,800, divisheni ya weusi peke yake zaidi ya 1,300. Lakini mkuu wa Arusha, ulichosema "waliuawa kama kuku" kimetokea vipi? Askari weusi wengi waliuawa wakiwa wameshaweka silaha chini na mikono juu. Barua za askari wa Kusini wenyewe zinaeleza, wengine kwa kujisifu. Kesho yake mateka waliobaki hai, weusi wamechanganywa na maofisa weupe ili wote wadhalilike, wakatembezwa mitaani Petersburg watu wakiwazomea. Jeshi lile lilikuwa chini ya Lee, na Lee hakumwadhibu mtu. Ledlie ni mzembe na Meade na Grant waliamua vibaya, ila kumpiga risasi mtu aliyejisalimisha ni jambo lingine kabisa.

Mchangiaji kutoka Nairobi:

Sawa, na mateka je? Hapo ndo mimi simuelewi Grant hata kidogo. Alikataa kubadilishana mateka, vijana wake wakaoza Andersonville, kambi ya mateka ya Kusini, karibu 13,000 walikufa kambi ile moja kwa njaa na kuhara. Tena Agosti 1864 aliandika wazi kwamba ukiwarudisha wale wa Kusini wanarudi vitani, kwa hivyo ni heri wetu wakae tu. Huyo ni binadamu kweli? Babu yangu angesema kamanda anayewaacha watoto wake mikononi mwa adui hana tofauti na adui.

Mtoa mada:

Nakuelewa ndugu, hili ndo swali gumu kuliko yote kwenye mada. Barua ya Agosti ipo, na hesabu ile aliipiga kweli.

Ila tuanze mwanzo. Mabadilishano yalikuwepo, yalivunjika 1863 kwa sababu Kusini ilikataa kuwahesabu askari weusi kama askari, ikisema hao ni mali za watu. Na tuna tukio la Petersburg kwenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba 1864 Lee alimwandikia Grant akipendekeza wabadilishane mateka waliokamatwa karibuni, mtu kwa mtu. Grant hakukataa, aliuliza kitu kimoja tu: je weusi wako ndani ya hesabu? Lee akajibu kwamba watumwa wa raia wao hawahusiki na mabadilishano. Grant akasema serikali yetu inawajibika kwa kila mtu iliyempokea jeshini, basi, hakuna mabadilishano. Sentensi moja tu ya Lee ingewatoa watu kambini.

Mwezi huo huo Kusini waliwaweka mateka weusi kuchimba mahandaki karibu na Fort Gilmer huku mizinga ya Kaskazini inapiga. Jenerali Butler wa Kaskazini naye akawachukua mateka wa Kusini akawaweka kwenye mfereji wa Dutch Gap chini ya mizinga ya Kusini. Ndani ya siku chache weusi wakaondolewa mahandakini. Unaona? Walikuwa wanaelewa vizuri sana, hawakutaka tu. Na mapema 1865 Kusini walipokubali kuwahesabu mateka wote, mabadilishano yakaanza tena.

Mchangiaji kutoka Nairobi:

Umeeleza lakini hujanitoa hapo. Askari mweupe wa miaka 20 anayekufa Andersonville kanuni haimjazi tumbo. Serikali ingeweza kuchukua ambao inaweza kuwapata, hao wengine ikaendelea kuwadai.

Mtoa mada:

Ingewachukua weupe, ikawaacha weusi kwa waliowaua kule shimoni. Na askari weusi kama 180,000 waliotumikia jeshi lile wangejifunza nini kuhusu nchi wanayoipigania? Septemba 29, siku chache tu kabla ya hizo barua za Lee na Grant, askari weusi walikuwa wamepanda New Market Heights nje ya Richmond chini ya moto mkali, 14 kati yao wakapata Nishani ya Heshima kwa mapigano ya siku ile, wengine kwa kushika uongozi wa kikosi baada ya maofisa wao wote kuanguka. Uwaambie hawa ukikamatwa usitutegemee? Mimi nisingeweza.

Mchangiaji kutoka Unguja:

Naomba niongeze kidogo. Vita hii sisi ilitugusa kwa mbali, ile nguo ya merikani ilikuwa ikija Unguja kwa meli za Wamarekani, vita ikapunguza biashara hiyo na nguo za Waingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi. Na tusiwanyooshee wenzetu vidole kwa haraka, soko la watumwa hapa kwetu lilikuwa wazi miaka yote hiyo, limefungwa 1873.

Swali langu: hizo ngome za Petersburg nani alizijenga?

Mtoa mada:

Swali zuri mno. Mstari wa kwanza ulianza kujengwa 1862, kama km 16 kuuzunguka mji, chini ya Kapteni Dimmock, na kazi kubwa ya jembe ilifanywa na watumwa waliokodishwa au kuchukuliwa kwa mabwana zao, pamoja na weusi huru waliolazimishwa. Petersburg ilikuwa na weusi huru kama 3,000, jamii kubwa yenye makanisa yake na mafundi wake. Wakachimbishwa ngome za kulinda utumwa. Na wale wa kwanza kuzivamia Juni 15 wengi walikuwa weusi, baadhi waliokuwa watumwa huko huko Virginia. Ndo maana mimi nikisikia mtu anasema Petersburg ilikuwa mchezo wa majenerali wawili tu nashindwa kunyamaza.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Mtoa mada naona unamwonea Lee. Yule ni askari, alikuwa chini ya rais wake. Askari hasalimu amri kwa sababu kachoka. Ulitaka aasi? Mwenye kuamua amani ni Davis.

Mtoa mada:

Mkuu hii ndo hoja nzito ya upande wenu na naiheshimu. Ila angalia tarehe.

Mwanzoni mwa Februari 1865 Lee anapewa ukamanda wa majeshi yote ya Kusini, hakuna mtu nchi nzima ambaye maneno yake yana uzito kama yake, hata Davis hamfikii. Machi 2 anamwandikia Grant wakutane wazungumze, kwa idhini ya Davis, maana yake alikuwa anatafuta mlango. Lincoln akamwambia Grant usizungumze siasa, pokea jeshi kama analitoa. Lee hakulitoa. Machi 13 bunge la Richmond likapitisha sheria ya kuwaingiza watumwa jeshini, sheria ambayo Lee mwenyewe aliiunga mkono, yaani kile kitu walichoingilia vitani wameanza kukivunja kwa mikono yao ili vita iendelee. Halafu Machi 25 alfajiri akamtuma jenerali wake Gordon kuivamia Fort Stedman, ngome ya Kaskazini. Waliingia, wakaishika kwa saa chache, mchana wamesharudishwa, maelfu wameuawa, wamejeruhiwa au wametekwa, na mstari haukusogea. Lengo lilikuwa kujipatia nafasi ya kutoroka kwenda kuungana na jeshi lingine la Kusini la Jenerali Johnston huko North Carolina. Kufanya nini huko, hakuna aliyeweza kueleza.

Aprili 1 Five Forks ikaanguka, Aprili 2 asubuhi mstari ukapasuka, Jenerali A.P. Hill akauawa, na jioni ile Richmond ikahamwa huku inaungua, imechomwa na wenyewe waliokuwa wanaondoka. Askari weusi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia mjini asubuhi ya tarehe 3. Wiki moja baadaye, Aprili 9 pale Appomattox, Lee akasalimisha jeshi lake. Davis alikuwa hai, bado ni rais, yuko njiani anakimbia, na siku chache nyuma tu alikuwa ametoa tangazo kwamba mapambano yanaendelea. Lee hakumuuliza. Aliamua mwenyewe, kwa mamlaka yake ya ukamanda, na hakuna mtu aliyemwita mwasi.

Sasa mkuu wa Dodoma utaniambia Appomattox alikuwa kazungukwa kabisa na hana chakula, hakuwa na hiari. Sawa. Petersburg mwezi Machi alikuwa na nini? Askari kama 28,000 walipewa hati za kurudi makwao Appomattox, Grant akawapa chakula, wenye farasi wakaruhusiwa kuondoka nao wakalime. Ukamanda alikuwa nao tangu Februari, na mtu wa kupokea jeshi lake alikuwepo ng'ambo ya handaki. Nieleze wale wa Fort Stedman walikufa ili Lee apate nini ambacho hakukipata siku 15 baadaye.